Fungu la Mwana Mdogo



Siku chache zijazo vyuo vikuu vyetu vitafungua milango kwa mwaka mpya wa masomo. Vituo vya mabasi vitajaa vijana wenye masanduku na magodoro, na katika nyumba nyingi usiku wa leo mama atahesabu tena fedha alizozihesabu jana. Kwa ajili hiyo nimechagua kuzungumza nanyi juu ya mfano ambao wengi wetu tumeusikia tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza, mfano wa mwana mpotevu, ulio katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Tumezoea kuusikia kila inapohubiriwa toba. Leo nawaomba tuusikilize kama habari ya kijana aliyekwenda mbali na nyumbani akiwa na fedha mkononi, maana ndivyo unavyoanza.

Mwana mdogo alimwendea baba yake akaomba apewe fungu lake. Baba alikuwa hai bado. Urithi hugawanywa mtu akisha kufa. Hivyo ombi lile lilikuwa sawa na kumwambia mzee kwamba kwangu mimi umekwisha kufa. Baba akagawa. Hapa Mwinjili Luka, aliyeandika kwa Kigiriki, anatumia neno ambalo sisi huliita mali au vitu. Lakini neno lenyewe ni bios, na maana yake ya kwanza ni uhai. Mzee yule aliwagawia wanawe uhai wake. Neno hilohilo Luka analirudia katika sura ya 21, anapomsimulia mjane maskini aliyetia sarafu mbili katika hazina ya hekalu. Mjane naye alitoa bios yake yote.

Mzazi anayenisikiliza analielewa jambo hili bila kufundishwa Kigiriki. Ng'ombe aliyeuzwa mnadani ili kulipa ada alikuwa maziwa ya wadogo zake huyo mwanafunzi. Eka moja ya shamba iliyowekwa rehani ilikuwa chakula cha miezi minne. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua anatumia macho yake, yanayoharibika kwa moshi, na mgongo wake, usionyooka tena. Lakini simu ya mwanafunzi inapolia kumjulisha kwamba fedha imeingia, inataja kiasi tu. Haimtaji ng'ombe.

Wengine fungu lao linatoka serikalini. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwapa wanufaika wake fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Katika mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku moja si fedha nyingi. Atakayekula mara tatu na kununua sabuni ataimaliza bila anasa yoyote. Lakini haitolewi siku kwa siku. Hutolewa kwa mafungu, na fungu la siku sitini kwa kiwango hicho ni shilingi 600,000. Kijana wa miaka ishirini, ambaye hajapata kushika laki moja iliyo yake, anaamka asubuhi akiwa na laki sita. Tena ni mkopo: sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 inamtaka mwajiri kukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa mpaka deni liishe. Kwa hiyo hata huyu ambaye hakumwuzisha baba yake ng'ombe anakula uhai wa mtu, na mtu huyo ni yeye mwenyewe miaka kumi ijayo.

Turudi kwa yule kijana wa Injili. Akakusanya vyote akaenda nchi ya mbali. Ni jambo la kushangaza jinsi Luka anavyosema machache juu ya yale aliyoyafanya huko. Habari za makahaba hatuzipati kwa Mwinjili, tunazipata kwa kaka mkubwa, ambaye hakuwako huko wala hakuambiwa na mtu. Alijaza mwenyewe, kama tunavyopenda kujaza sisi tunapozungumza juu ya vijana wa siku hizi. Luka mwenyewe anasema tu kwamba aliishi kwa namna ya asotos, neno lililotokana na kitenzi cha Kigiriki cha kuokoa, likiwa na kikanusho mbele yake: maisha yasiyookoa kitu, yasiyobakiza kitu. Mwanafalsafa Aristotle alikwisha kulichambua neno hilo karne kadhaa kabla ya Luka. Alieleza kwamba mtu wa namna hiyo anajiangamiza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu aiharibuye mali yake anaharibu kile kinachomfanya aishi. Mpagani huyu na Mwinjili wetu wamekutana mahali pamoja: fedha ni uhai uliohifadhiwa.

Msinielewe vibaya. Sikuja kuwaambia vijana wasicheze. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu wetu sisi tuliopitia seminari kuu, ameandika juu ya michezo katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, na anasema mchezo ni wa lazima kwa roho kama usingizi ulivyo wa lazima kwa mwili. Anaikumbuka hadithi ya kale ya Mtume Yohane, aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Mtume akawaeleza kwamba hata moyo wa mtu huvunjika usipolegezwa. Thoma anakwenda mbali zaidi: mtu asiyecheka kamwe, anayewaharibia wengine furaha yao, huyo ana kilema. (Nawajua walezi kadhaa ambao ingewafaa kusoma ukurasa huo.) Anachodai ni kwamba mchezo uwe na wakati wake, mahali pake na watu wake.

Basi shida yetu iko hapo. Wazee wetu walicheza ngoma usiku kucha, lakini ngoma ilikuwa na wakati: ilingoja mavuno, ilingoja jando au harusi, na kulipopambazuka wapigaji walichoka, watu wakaenda shambani. Aliyecheza alikuwa mchezaji. Hakuna aliyeketi pembeni akilipishwa kutazama. Burudani inayouzwa leo imeondolewa alfajiri yake. Ukurasa wa simu hauna mwisho. Unavuta kwa kidole, na picha mpya inatokea, na nyingine, hadi saa nane za usiku. Haikutokea hivyo kwa bahati. Zipo kampuni zinazopata fedha kwa kadiri macho yako yanavyokaa pale, nazo zimewaajiri watu wenye akili nyingi ili macho yasiondoke.

Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio na njiwa. Aliwaweka katika sanduku lenye kidude cha kudonoa. Njiwa aliyepata punje kila alipodonoa idadi ileile ya mara alidonoa, akala, akapumzika. Lakini punje zilipotolewa pasipo mpango unaojulikana, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya hamsini, njiwa alidonoa bila kupumzika. Tena punje zilipoacha kabisa kutolewa aliendelea kudonoa kwa muda mrefu. Mwanangu, unapoitazama simu yako mara ya arobaini kabla ya mchana kuona kama kuna aliyeipenda picha yako, mkumbuke njiwa yule. Umkumbuke zaidi unapotengeneza mkeka.

Maana ni lazima niseme juu ya mikeka. Michezo ya kubahatisha ni halali katika nchi yetu, chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki haifundishi kwamba mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe. Inafundisha kwamba unakuwa haukubaliki pale unapomnyima mtu riziki yake au riziki ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa yake yaweza kumfanya mtu mtumwa. Hivyo sitawatisha kwa moto. Nitafanya hesabu.

Tuseme tunarusha sarafu, nawe unabashiri upande utakaoonekana. Kwa haki, ukiweka shilingi 1,000 na kushinda, ungepaswa kurudishiwa 2,000. Mwenye mchezo anakurudishia 1,900. Unaona ni tofauti ndogo, na kweli kwa mchezo mmoja ni ndogo. Lakini wewe hubashiri mchezo mmoja. Unataka fedha nyingi kwa fedha kidogo, hivyo unapanga kumi katika mkeka mmoja, na yote kumi lazima iwe kweli. Uwezekano wa kupatia sarafu kumi mfululizo ni mmoja katika 1,024. Na malipo, kwa kuzidisha ile 1.9 mara kumi, ni kama mara 613 ya ulichoweka. Mtu atakayetengeneza mikeka 1,024 ya shilingi elfu moja moja atatumia shilingi 1,024,000, naye kwa wastani atarudishiwa kama 613,000. Hizo laki nne na zaidi ndizo zinazojenga ofisi nzuri na kulipia matangazo, pamoja na yale ya redioni. Mechi za mpira si sarafu, najua, na kijana atanijibu kwamba yeye anaijua ligi ya Uingereza kuliko mimi. Ni kweli anaijua kuliko mimi. Lakini aliyepanga zile namba naye anaijua ligi, ana mitambo ya kompyuta, na anazipanga ili sehemu yake iwe imekwisha kutolewa kabla mpira haujawekwa katikati ya uwanja. Kadiri unavyoongeza mechi katika mkeka ndivyo unavyompa sehemu hiyo tena na tena. Ndiyo maana mikeka mirefu inasifiwa sana.

Fungu linapokwisha, mfano unasema njaa kuu iliingia katika nchi ile. Hapa pia Luka ni mwangalifu: kijana alifilisika kwa uzembe, lakini njaa hakuileta yeye. Na kwetu iko hivyo. Mwanafunzi aliyemaliza fedha wiki ya tatu anakutana na kodi ya chumba iliyopanda na bei ya mchele isiyosubiri. Ndipo anapojishikamanisha na mwenyeji wa nchi ile. Mwenyeji huyo siku hizi ana sura nyingi. Yumo ndani ya simu, anakopesha kwa dakika mbili bila kuuliza kitu, na siku ya kulipa ikipita anawapigia ndugu na walimu wako kuwatangazia deni. Watu wameipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu, nalo ni jina la haki. Au ni mtu mzima, mwenye umri wa baba wa binti, anayejitolea kulipa kodi ya chumba, naye anaitwa sponsa, kana kwamba anadhamini timu ya mpira. Yule kijana wa Injili alipelekwa kulisha nguruwe, mnyama ambaye kwa Myahudi hata kumla ilikuwa najisi. Binti zetu nao wanapelekwa mahali ambapo wasingekwenda kwa hiari. Na katika nchi ile ya mbali, mfano unasema, hakuwako mtu aliyempa kitu. Waliomzunguka wakati wa fedha walikwisha kuondoka.

Lakini vijana hawa walijifunza wapi kwamba mtu huhesabiwa kwa alichovaa na kwa simu aliyoshika? Hapa nawageukia wazazi. Tazameni kadi za mchango zinavyozunguka: mchango wa harusi, wa kumwaga binti, wa mahafali ya kidato cha nne, ambapo mtoto asiyejua bado kama amefaulu hukodishiwa gari na mpiga picha. Kadi inafika hata kwa mtu ambaye ada ya mwanawe haijalipwa, naye anaona aibu kukataa, anakopa. Nimeona kamati ya harusi ikikaa vikao tisa juu ya ukumbi na rangi ya vitambaa, na maarusi wakafika kanisani bila kuhudhuria semina hata moja ya ndoa. Mtoto anayaona haya tangu akiwa na miaka mitano. Akifika chuoni akanunua viatu kwa fedha ya chakula, amefuata mapokeo ya nyumbani kwake. Papa Paulo VI alikwisha kutukumbusha mwaka 1967, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, kwamba kupata vitu zaidi si lengo la mwisho la mtu wala la taifa, na kwamba ubahili huonyesha utu usiokomaa. Papa Yohane Paulo II, mwaka mmoja baada ya kututembelea hapa Tanzania, aliandika mwaka 1991 kwamba kutaka kuishi vizuri si kosa. Kosa ni kudhani maisha ni mazuri kwa sababu ya kuwa na vitu tu.

Ninyi wanafunzi mtaniuliza: je, aliwahi kuwako mwanafunzi aliyeishi vingine, pasipo kuwa mtawa? Alikuwako, na tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu. Ni Pier Giorgio Frassati, wa mji wa Torino, Italia. Baba yake alikuwa mwenye gazeti kubwa la La Stampa, kisha balozi wa Italia huko Berlin. Kijana huyu alisoma uhandisi wa migodi, kwa kuwa alitaka kufanya kazi kati ya wachimbaji. Hakuwa hodari wa mitihani. Shuleni alipata kuanguka katika Kilatini, na chuoni alichukua miaka mingi. Alipenda kupanda milima, alipenda maonyesho ya tamthilia, aliwatania rafiki zake mpaka wakaunda kikundi chenye jina la mzaha, yaani kikundi cha watu wa kutiliwa mashaka. Huyu upinde wake ulilegezwa vizuri. Lakini tangu ujana alikuwa katika Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na fedha aliyopewa nyumbani iliishia katika vyumba vya maskini. Mara nyingi alitoa hata nauli, akarudi mbio kwa miguu ili asichelewe chakula, na wazazi wakamwona mzembe asiyejua wakati.

Mwishoni mwa Juni 1925 aliugua polio. Nyumbani bibi yake alikuwa katika kufa, na hakuna aliyetambua hali ya kijana mpaka muda ulipokwisha kupita. Siku moja kabla ya kufa, mkono wake ukiwa umeanza kupooza, aliandika kikaratasi kwa herufi zisizosomeka vema. Kilihusu dawa za sindano za mgonjwa mmoja maskini, na risiti ya rehani ya mtu mwingine, aliyoomba ihuishwe kwa fedha yake yeye. Akafa tarehe 4 Julai akiwa na miaka 24. Siku ya maziko mitaa ilijaa maskini, na wazazi wakaja kujua siku hiyo fungu la mwana wao lilikwenda wapi.

Neno la mwisho ni kwa yule mmoja anayenisikiliza sasa hivi, ambaye ada yake imekwisha kuliwa na mikeka, au ambaye simu yake inaita kila saa kwa deni, naye nyumbani amesema kila kitu ni salama. Najua kwamba aibu hiyo imewafikisha wengine mahali pa kufikiri kwamba afadhali wasiwepo. Mwanangu, usibaki peke yako nayo usiku wa leo. Kijana wa Injili aliandaa hotuba kabla ya kuanza safari ya kurudi, na baba hakumwacha aimalize. Mwendee mzazi, na kama huwezi kumwanzia mzazi, mwendee mlezi wa wanafunzi, au padre wa chuo, au shangazi unayemwamini, umwambie kiasi chote, bila kupunguza. Nanyi wazazi, mtoto wenu akipiga simu leo jioni na sauti yake ikawa si ya kawaida, mwulizeni kwanza kama amekula. Habari ya fedha mtaizungumza kesho.

Nawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.